Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari: Tajiri wa Simu na Sisi wa Gatete



Siku za mbalamwezi, wakati mitumbwi ya ndagala imepumzika na taa zimezimwa, Gatete huwa na watu wengi mchana. Katika siku kama hizo tulikaa nje ya kibanda cha wakala wa pesa za simu, wazee upande mmoja na vijana upande wa pili. Kijana mmoja alituma faranga kidogo kwa mama yake aliye Nyanza-Lac, akatazama kiasi alichokatwa, akasema kwa sauti: "Hawa matajiri wa simu wanatula kidogo kidogo. Basi angalau waje watujengee shule!"

Mzee mmoja akamjibu bila kumtazama: "Mwanangu, shule ipo. Je, daftari la mdogo wako umenunua?"

Watu walicheka. Sisi hatukucheka sana, kwa sababu katika jambo la shule na pesa tuna doa letu wenyewe, na tutalieleza mbele bila kuficha. Lakini maneno ya yule kijana yalitufanya tutafakari. Hawa matajiri wa simu ni akina nani? Mali yao waliipataje? Wanapotoa, wanatoa nini, na kwa njia gani? Na sisi tunaosubiri watoe, tuna wajibu gani? Tumeona tuwaandikie familia zetu juu ya jambo hili, kwa sababu watoto wetu wengi leo ukiwauliza wanataka kuwa nani watakwambia: mtu wa simu, mtu wa kompyuta.

Tumchukue mmoja ambaye kazi yake imefika mpaka kwetu. Kampuni ya Econet, iliyojulikana hapa Burundi kwa jina la Econet Leo, ilianzishwa na Strive Masiyiwa, mtu wa Zimbabwe. Wengi wetu tumewahi kununua muda wa maongezi wa kampuni hiyo au kutumia huduma yake ya EcoCash bila kujua jina la aliyeianzisha. Si mtu wa dini yetu, na wala hafichi imani yake ya Kikristo. Lakini mwenye haki tumwambie haki yake, na penye funzo tulichukue.

Masiyiwa alizaliwa mwaka 1961, wakati nchi yake ikiitwa Rhodesia na ikitawaliwa na walowezi. Familia yake iliondoka akiwa mtoto mdogo ikaenda Zambia. Baadaye alipelekwa kusoma Scotland, kisha akasomea uhandisi wa umeme katika chuo kikuu huko Wales. Zimbabwe ilipokuwa imepata uhuru alirudi nyumbani katika miaka ya 1980, akaajiriwa katika shirika la serikali la posta na simu. Tunataka vijana waone mpangilio huu: kwanza fundi, kisha mwajiriwa, kisha mfanyabiashara. Aliacha kazi ya shirika akaanzisha kampuni yake ndogo ya shughuli za umeme. Simu za mkononi zilikuja baadaye.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliona kwamba simu ya mkononi itaifaa Afrika kuliko nchi za Ulaya, kwa sababu huku waya za simu hazikuwafikia watu wengi. Alikwenda kwa shirika lile lile alilowahi kulitumikia akapendekeza washirikiane. Alikataliwa. Akaomba kibali aifanye peke yake. Alikataliwa tena, kwa hoja kwamba sheria inaliachia shirika la serikali peke yake biashara ya simu.

Wengi wetu tungefanya nini hapo? Tungetafuta mtu wa kumpa bahasha, au tungekata tamaa tukarudi kwenye kazi nyingine. Yeye alikwenda mahakamani. Hoja ya mawakili wake ilikuwa fupi lakini nzito: katiba ya Zimbabwe inampa kila mtu haki ya kupokea na kutoa habari, na nchi ambayo watu wake wanasubiri simu kwa miaka imewanyima haki hiyo. Mwaka 1995 Mahakama Kuu ya Rufaa ya nchi hiyo ilikubali hoja hiyo na kusema kwamba ukiritimba ule unakwenda kinyume na katiba. Hata baada ya hukumu vikwazo havikuisha, na kesi ziliendelea. Ilikuwa mwaka 1998 ndipo mtandao wa Econet ulipoanza kufanya kazi. Hesabu wewe mwenyewe: ni kama miaka mitano ya kwenda na kurudi mahakamani, huku kampuni yake ya zamani ikikosa kazi za serikali na madeni yakiongezeka.

Tunaandika haya kwa sababu hapa kwetu tumezoea kusikia kwamba tajiri wa Afrika ni lazima awe mtoto wa mkubwa au mtoaji wa rushwa. Wapo wa namna hiyo, hatukatai. Lakini mtoto akisikia hilo tu kila siku nyumbani, atakua akijua njia moja tu.

Jaribio la pili lilikuja Nigeria. Mwaka 2001 kampuni aliyoiongoza ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuwasha simu za mkononi za kisasa nchini humo, nchi yenye watu wengi kuliko zote barani. Masiyiwa mwenyewe amesimulia hadharani kwamba baadhi ya wakubwa walitaka walipwe mamilioni ya dola kwa msaada wao, naye akakataa kutia sahihi. Matokeo yake ni kwamba aliondolewa katika usimamizi wa kampuni ile, na soko kubwa namna hiyo likampita. Mtu anayepoteza mfuko wa faranga elfu kumi kwa sababu ya uaminifu tunamsifu. Huyu alipoteza nchi nzima.

Sasa tuje kwenye kutoa. Mwaka 1996, kabla hata simu yake ya kwanza haijalia, yeye na mke wake Tsitsi walianzisha mfuko wa kuwalipia karo watoto yatima. Miaka ile ukimwi ulikuwa ukimaliza wazazi Zimbabwe, na nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu. Tunawaomba kina mama wazingatie jina la Tsitsi, kwa sababu magazeti humtaja mume peke yake, wakati kazi hii ya watoto mwanamke huyu ndiye aliyeisimamia miaka yote. Mfuko ule ulikua ukawa taasisi inayoitwa Higherlife Foundation, ambayo imefanya kazi Zimbabwe, Lesotho na hata hapa Burundi. Taasisi yenyewe inasema kwamba vijana zaidi ya 250,000 wamesomeshwa kwa msaada wake.

Angalieni pia namna walivyotoa. Hawakugawa mchele siku moja mbele ya kamera kisha wakaondoka. Karo ya mtoto ni ahadi ya miaka mingi. Ukiilipa mwaka huu ukaacha mwakani, umemtesa mtoto mara mbili, kwa sababu amekwisha kuonja. Wazee wetu waliojenga visima na kuweka mashamba ya wakfu walilielewa jambo hili: jema linalodumu ni lile lenye mpango wa kesho.

Wa pili tunayetaka kumtaja ni Mohamed Ibrahim, anayejulikana zaidi kwa jina la Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudan wa mwaka 1946. Naye ni mhandisi. Alisoma Alexandria huko Misri, kisha Uingereza, ambako alifanya kazi katika kampuni za simu kabla ya kuanzisha yake mwaka 1989. Mwaka 1998 alianzisha Celtel. Jirani zetu wa Tanzania na Kongo wanaikumbuka sana. Ndugu zetu wa Kigoma walikuwa wakitupigia kwa namba zake. Mwaka 2005 Celtel iliuzwa kwa kampuni ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4, na wafanyakazi waliokuwa na hisa nao wakapata sehemu yao.

Kuna kanuni moja ya Celtel ambayo Mo Ibrahim amekuwa akiisimulia, nasi tungependa kila familia iikariri. Alipoulizwa iweje alifanya biashara katika nchi nyingi za Afrika bila kutoa rushwa, alieleza kwamba hakuna mtu katika kampuni, hata mkurugenzi mkuu, aliyeruhusiwa kutoa malipo yanayozidi dola 30,000 bila idhini ya bodi nzima. Basi mkubwa wa mahali fulani akidai chochote, meneja anamjibu kwa utulivu: mimi sina uwezo huo, ni lazima niwaulize wote. Mwenye kudai rushwa hapendi watu wengi wajue, na kwa hiyo anaondoka. Ni ujanja mdogo tu wa daftari na sahihi, lakini ulilinda mali ya mabilioni.

Baada ya kuuza, Mo Ibrahim alianzisha taasisi yake mwaka 2006. Ile ya Masiyiwa inasomesha watoto. Hii inatazama watawala. Inapima utawala wa nchi za Afrika, na ina tuzo kwa rais aliyechaguliwa kwa haki, akaongoza vizuri, kisha akaondoka kwa hiari muda wake ulipokwisha. Tuzo ilipoanzishwa ilikuwa dola milioni 5 kwa miaka kumi, kisha dola 200,000 kila mwaka maisha yote. Wa kwanza kuipata alikuwa Joaquim Chissano wa Msumbiji, mwaka 2007. Mwaka 2009 na 2010 hakupatikana wa kupewa.

Wapo wanaosema pesa zile zingechimba visima vingapi! Sisi tumebishana juu ya hili, na hatukuafikiana wote. Mmoja wetu anaona ni kumlipa mtu kwa kutoiba. Mwingine anasema kisima kinaharibiwa na vita ya siku moja, kwa hiyo anayezuia vita amechimba visima vingi. Sisi watu wa pwani hii, tuliokimbia kwa mitumbwi usiku kwenda Kigoma na Uvira zaidi ya mara moja, hatuwezi kulicheka wazo la pili.

Lakini tusije tukawa watu wa kusifu tu. Yule kijana wa kibandani alikuwa na hoja, na hoja yake inastahili jibu.

Kwanza, ni kweli kwamba mali ya tajiri wa simu inatoka mifukoni mwetu. Haikutoka kwenye mgodi. Imetoka kwa mama anayetuma faranga elfu mbili, na kwa kijana anayenunua muda wa maongezi wa kumpigia mchumba wake. Na ada ya kutuma pesa, kwa jinsi ilivyopangwa katika mitandao mingi, humwumiza zaidi anayetuma kidogo. Anayetuma laki anakatwa sehemu ndogo ya pesa yake. Anayetuma elfu moja anakatwa sehemu kubwa. Kwa hiyo maskini analipa zaidi kwa kila faranga. Tunasema wazi: kampuni ya simu, yoyote iwayo, deni lake la kwanza kwetu si msaada wa shule. Deni lake la kwanza ni bei ya haki, mtandao unaoshika, na pesa ya mteja kurudi haraka ikiwa imekwenda kwa namba isiyo yake. Hapa Gatete tumewahi kusubiri wiki mbili pesa ya dawa ya mgonjwa irudi, na ofisi ilikuwa ikituambia njoo kesho. Tukijengewa darasa na kampuni ya namna hiyo, tutashukuru, lakini tutaendelea kudai pesa ya mgonjwa. Hisani haifuti deni.

Pili, kuna hatari ya tajiri kuwa serikali. Mwishoni mwa 2019 madaktari wa Zimbabwe walikuwa wamegoma kwa miezi kwa sababu mishahara yao ilikuwa imeliwa na bei za vitu. Taasisi ya Masiyiwa ilitoa mfuko wa dola milioni 100 za Zimbabwe ili madaktari wapewe posho, na mwezi Januari 2020 walikubali kurudi kazini. Wagonjwa wangapi walipona kwa hilo! Mwenye mgonjwa wodini hawezi kulaumu. Hata hivyo tujiulize: nchi ambayo daktari wake anarudi kazini kwa hisani ya mtu mmoja, itafanya nini siku mtu huyo akichoka, akihama au akifa? Sadaka ni kama fimbo ya mgonjwa. Inamsaidia kusimama, lakini si mguu.

Hapohapo tukiri kwamba kuna mambo ambayo mtu mwenye ujuzi wa biashara huyafanya vizuri kuliko ofisi. Wakati wa korona, mwaka 2020, Umoja wa Afrika ulimteua Masiyiwa kuwa mjumbe wake maalumu. Nchi tajiri zilikuwa zikinunua barakoa na vifaa vyote vya hospitali, na nchi moja ndogo ya Afrika ikipiga simu kwa kiwanda haikuwa ikijibiwa. Walitengeneza soko la pamoja kwenye intaneti ambapo nchi za Afrika ziliagiza kwa pamoja kama mnunuzi mmoja mkubwa. Mwaka 2021 ulitiwa sahihi mkataba wa kununua dozi milioni 220 za chanjo kwa ajili ya nchi za Afrika, na nafasi ya kuongeza milioni 180. Hapo alichotoa zaidi ni ujuzi na muda wake. Tunalisisitiza hili kwa vijana, kwa sababu wengi wanadhani kutoa kunaanza siku ukiwa na pesa nyingi. Fundi wa simu wa hapa sokoni anayemfundisha yatima kazi yake bila malipo, amefanya kwa kipimo chake jambo la aina hiyohiyo.

Sasa tufike kwenye doa letu.

Miaka michache iliyopita baadhi yetu tulianzisha mchango wa watoto wa shule. Shule ya msingi haina karo katika nchi hii tangu 2005, lakini mzazi anajua kwamba madaftari, sare, kalamu, na baadaye gharama za masomo ya juu, havishuki kutoka mawinguni. Tulichangishana vizuri. Wenye mitumbwi walitoa, wenye michikichi walitoa sehemu ya mawese yao, kina mama wauza ndagala walitoa. Pesa tulimpa mmoja wetu, mtu mwaminifu, akaziweka nyumbani kwake ndani ya kopo. Hatukuandika. Tuliona haya kuandika, kana kwamba daftari ni tusi kwa mwenzetu.

Mwezi Juni 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi ikatangaza kwamba noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000 zitakoma kutumika, na wananchi walipewa siku kumi. Mnazikumbuka siku zile na zile foleni. Ndipo tukafungua kopo. Pesa hazikufika nusu ya tulivyodhani. Sehemu ilikuwa imekopeshwa mwenye mtumbwi aliyeharibikiwa nyavu, sehemu ilikuwa imetumika kwa msiba, na sehemu hakuna aliyejua. Hatusemi iliibiwa. Tunasema jambo baya zaidi: hatukuweza hata kujua kama iliibiwa. Yule mwaminifu alibaki na aibu asiyostahili, kwa sababu hakuwa na karatasi ya kumtetea. Wachangiaji wakanung'unika, kisha wakaacha.

Na kulikuwa na binti mmoja aliyefaulu, ambaye tulikuwa tumemwahidi mama yake kwamba masomo yake ya juu ni juu yetu. Hakwenda. Leo binti huyo yupo sokoni na sinia lake la ndagala. Hutusalimia kwa adabu kila tunapopita. Salamu yake inatuuma kuliko tusi.

Kwa hiyo tunapomsikia kijana akidai tajiri wa mbali aje ajenge, tunajiuliza: akija leo akatupa pesa, tungeziweka wapi? Ndani ya kopo? Masiyiwa na Mo Ibrahim hawakutushinda kwa moyo. Mama wa sokoni anayetoa faranga mia tano katika elfu tatu za siku, kwa kipimo cha moyo, amewapita. Kutoa ni moyo, si utajiri, walisema wahenga. Wametushinda kwa daftari, kwa sahihi, na kwa kutochoka. Na mambo hayo matatu hayahitaji bilioni.

Tunapendekeza tuanze upya, kwa utaratibu ufuatao, na kila familia iujadili nyumbani.

Mosi, daftari ziwe mbili zinazofanana. Moja ishikwe na mama mmoja aliyechaguliwa, nyingine na kijana aliyesoma. Kila mwezi zisomwe kwa sauti mbele ya watu, na zikitofautiana hata kwa faranga moja, lijulikane siku hiyohiyo.

Pili, malipo yoyote yanayozidi faranga 20,000 yasifanyike bila sahihi za watu watatu, na mmoja wao awe mwanamke. Hii ndiyo kanuni ya Celtel, tumeipunguza tu ifae kimo chetu. Akija ndugu na shida ya nyavu au msiba, mshika pesa hatalazimika kumkatalia uso kwa uso. Atasema: ndugu yangu, mimi peke yangu sina uwezo huo. Shida hiyo tutaichangia pembeni, lakini pesa ya mtoto ni ya mtoto.

Tatu, pesa zisilale nyumbani kwa mtu. Wala zisiwekwe kwenye simu ya mtu mmoja, maana namba ya simu imeandikwa kwa jina lake, na akifariki warithi watazidai. Ziwe katika akaunti ya kikundi kwenye ushirika wa akiba na mikopo. Simu itusaidie kukusanya tu, si kuhifadhi.

Nne, tusimchukue mtoto tusiyeweza kumfikisha. Afadhali watoto watatu mpaka mwisho kuliko kumi mpaka katikati.

Tano, majina ya wanaosaidiwa yasitangazwe. Mtoto asije akaitwa uwanjani "yule wa mchango".

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Tukipata familia 40, kila moja ikatoa faranga 1,000 kwa wiki, katika wiki tatu za mwezi ambazo taa zinawaka ziwani, tunapata 120,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,440,000. Wiki ya mbalamwezi tunapumzika sote, mvuvi asione haya. Bei za vitu zinapanda, tunajua, na pesa hiyo haitajenga jengo. Lakini ni madaftari, ni sare, ni watoto kadhaa wasioondoka darasani. Na siku taasisi kubwa ikitaka kuleta msaada pwani hii, itakuta watu wenye hesabu zao mkononi, wala si watu wanaonyoosha mikono mitupu.

Kwa vijana tuna neno moja zaidi. Matajiri hawa wawili tuliowataja hawakuanza kwa kutaka utajiri wa simu. Walianza kwa kujua simu inavyofanya kazi: umeme, mawimbi, hesabu. Wewe unayeshinda ukitazama picha kwenye simu, je, umewahi kujiuliza sauti inavukaje ziwa hadi Kongo? Mwenye kuuliza swali hilo ndiye atakayekaa upande wa pili wa ada siku moja. Nasi tunamwomba, siku akifika, akumbuke mama anayetuma elfu mbili.

Yule kijana wa kibandani tulionana naye tena siku chache baadaye. Alikuwa amenunua madaftari sita, ameyafunga kwa kamba ya nyavu. Hakusema kitu, nasi hatukumwuliza. Lakini mkutano wa kwanza wa mchango utakapoitwa, yeye ndiye tutakayempendekeza ashike daftari la pili. Na mchango wa kwanza, tumekwisha kukubaliana sisi tulioandika haya, ni kwenda kwa mama wa yule binti wa sokoni, kumwomba radhi, na kumwuliza binti mwenyewe kama bado anataka kurudi shule. Akisema ndiyo, jina lake halitatajwa tena hapa. Litaandikwa katika daftari.

Wabillahi tawfiq.